Kuwakumbuka wenzetu waliotangulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijiwe vya bodaboda

Bodaboda akifariki, kijiwe kizima husimama. Kufumba na kufumbua pikipiki zimepangwa, vitambaa vyeusi vimefungwa kwenye vioo, honi zinalia mtaa mzima. Miezi mitatu baadaye nenda kwa mjane uulize nani amerudi kumjulia hali. Mara nyingi hakuna. Majibu haya yameandikwa na mtu aliyeshika ukatibu wa kijiwe Dar es Salaam, na msimamo wake hauyumbi: mwenzetu anakumbukwa kwa yale anayofanyiwa mwaka mzima baada ya kuzikwa, na sehemu kubwa ya hayo huandaliwa akiwa hai. Taratibu za serikali zilizotajwa ni za Tanzania.

Mwenzetu amefariki kwa ajali sasa hivi. Tuanze na nini?

Gawaneni. Mmoja aende hospitali, mmoja polisi, na mmoja nyumbani. Wengine wabaki kijiweni wakisubiri taarifa, kwa sababu watu thelathini wakivamia mapokezi ya hospitali hawasaidii kitu.

Anayekwenda nyumbani awe mtu mzima mwenye busara, tena asiende peke yake. Msiba haupelekwi kwa simu. Aanze kwa kaka, baba mdogo, mjumbe au jirani anayeheshimika, kisha waingie pamoja. Wa polisi ahakikishe ajali imefunguliwa jalada, aandike namba yake, na aulize pikipiki imepelekwa kituo gani. Kama marehemu alifikishwa hospitali akiwa hai, fomu ya PF3, yaani ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, itakuwa imetolewa, nayo iulizwe iko wapi. Namba hiyo ya jalada mtaihitaji tena na tena, kwa hiyo isiandikwe kiganjani wala kwenye pakiti ya sigara.

Kwa nini kila mara mnasisitiza daftari la kijiwe?

Kwa sababu vijiweni hatujuani majina. Tunajuana kwa Chuga, Mnyama, Babu Ali, Dogo Kigoma. Kuna kijana alipata ajali usiku, wenzake wakakimbilia hospitali, na muuguzi akauliza jina kamili la mgonjwa. Walitazamana. Wote walikuwa wamekula naye na kukopeshana naye hela ya wese, lakini aliyejua jina la baba yake hakuwepo. Akafariki, na alikaa mochwari kama mtu asiyetambuliwa mpaka kesho yake mchana, huku mama yake akipiga simu iliyokuwa imezimika.

Daftari linalofaa lina mistari michache kwa kila mwanachama: majina matatu, jina la kijiweni, namba ya simu, anapoishi na jina la mwenyekiti wa mtaa wake, dini, mkoa na kijiji cha asili, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya pikipiki na mmiliki wake. Halafu muhimu kuliko yote, watu wawili wa kupigiwa simu na uhusiano wao naye. Wawili, maana mmoja anaweza kuwa alikuwa abiria wake siku hiyo. Bandikeni picha ndogo ya pasipoti pembeni. Picha hiyo ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza, na ni afadhali iwe hiyo kuliko iliyokatwa kutoka picha ya sherehe akiwa na chupa mkononi.

Libaki kwa katibu, lipitiwe kila baada ya miezi sita, na nakala awe nayo mwenyekiti. Mambo yaliyomo ni siri za watu, kwa hiyo halilali kwenye benchi la kijiwe.

Msafara wa kumsindikiza uweje?

Uwe wa heshima, na kila aliyeondoka arudi. Tumeshuhudia misiba iliyozaa misiba mingine njiani kwa sababu ya vijana kunyanyua tairi la mbele, kupita magari kwa kushindana, na kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kwa kisingizio cha uchungu. Marehemu hakuhitaji mtu wa kumfuata siku ileile.

Siku moja kabla, viongozi wafike kwa polisi wa usalama barabarani wa eneo lenu, waeleze njia, muda na idadi ya pikipiki. Mara nyingi mtapewa ushauri mzuri wa njia, na mkifika njia panda hamtakuwa wageni. Teueni mtu wa mbele ambaye hapitwi na yeyote, na mtu wa mwisho ambaye hamuachi yeyote. Gari lenye mwili linatangulia nyuma ya mtu wa mbele, ndugu wanafuata, kisha pikipiki mbili mbili kwenye njia moja ya barabara. Njia ya pili iachwe kwa wengine, maana gari la wagonjwa halijui kwamba mna msiba. Kwenye makazi ya watu sheria inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Msafara wa msiba uende chini ya hapo. Kila kichwa kiwe na kofia ngumu, cha dereva na cha aliyepakiwa.

Matawi ya miti mbele ya taa yasizibe mwanga wala kioo. Honi tunashauri zipigwe mara mbili tu: mwili unapotoka nyumbani na msafara unapopita kijiweni kwake. Hapo kijiweni simameni kidogo, injini zikizimwa. Pombe isubiri, na kwa maoni yetu ingesubiri kabisa.

Mwili ukisafirishwa mkoani, tuseme Kagera au Mbeya, msafara wa pikipiki una mpaka wake. Vijiwe vingi vya Dar es Salaam husindikiza hadi Mbezi au Kibaha na kugeuza. Wawakilishi wawili au watatu huendelea ndani ya gari hadi kaburini. Hao wawili wana maana kubwa kuliko pikipiki mia, kwa sababu wazazi kule kijijini watataka kusikia kutoka kwa mtu aliyefanya kazi na mtoto wao.

Kijiwe chetu kina Waislamu na Wakristo. Tunafuata utaratibu gani?

Utaratibu wa familia ya marehemu, na daftari litakuwa limewaambia mapema. Muislamu huzikwa haraka. Aliyefariki alfajiri huenda akazikwa baada ya swala ya adhuhuri au alasiri, kwa hiyo msipange msafara wa kesho. Honi na muziki viachwe, jeneza hubebwa kwa mabega kwa zamu, na nafasi ya wenzake ni hapo, begani. Wakristo wa kijiwe nao wapokezane ikiwa ndugu wameridhia.

Kwa Mkristo kutakuwa na ibada na mara nyingi kuaga mwili. Mkitaka kusoma risala ya kijiwe, mwoneni mchungaji, padri au katekista kabla ibada haijaanza, mwambieni ni dakika ngapi, na mzishike.

Jambo moja linalosahaulika: mjane Muislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Kundi la wanaume wenye makoti ya pikipiki lisimiminike kwake kila jioni. Pelekeni msaada kupitia shemeji yake, kaka yake, au wake zenu.

Rambirambi zikusanywe vipi bila manung'uniko?

Kiwango kiandikwe kwenye katiba ya kijiwe wakati hakuna msiba. Watu 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, hiyo ni 200,000, na kila mtu anajua inatakiwa ifike ngapi. Tatizo huanza pale kiwango kinapotegemea marehemu alikuwa anapendwa kiasi gani. Mpole asiye na maneno mengi naye ana mama.

Pesa iingie sehemu ambayo wanachama wengi wanaiona. Vikundi vingi hutumia M-Koba, huduma ya simu ya akiba za vikundi, ambayo huonyesha mchango na matumizi kwa kikundi chote, kuliko namba binafsi ya mweka hazina. Daftari la michango lisomwe hadharani siku ya kuanua tanga, jina kwa jina. Kama kijiwe kinaweka akiba na kukopeshana, kijisajili kupitia halmashauri kama kikundi cha huduma ndogo za fedha, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavigusa vikundi hivi.

Na tunasema wazi: msile rambirambi yote kwenye chakula cha matanga. Theluthi moja iwekwe kando kwa ajili ya mjane na watoto baada ya wageni kuondoka. Wakubwa wa ukoo wakipinga, zungumzeni nao kwa adabu, lakini zungumzeni.

Vijana wana hasira na wanataka kumshughulikia dereva aliyemgonga. Tuwazuieje?

Waambieni ukweli unaowagusa. Gari likichomwa, ushahidi umeungua nao. Mkaguzi wa magari wa polisi hana breki za kukagua wala alama za mgongano za kupima. Mwenye gari, aliyekuwa mtuhumiwa asubuhi, jioni anageuka mlalamikaji, na wenzenu wawili wako mahabusu. Anayepoteza zaidi ni mjane, kwa sababu fidia yake ilitegemea kesi ile iende vizuri.

Pigeni picha gari, namba yake, alama za matairi barabarani na mahali pikipiki ilipoangukia. Chukueni majina na simu za walioona, hasa mama ntilie na wauza matunda wa pembeni, ambao huona kila kitu na hawaulizwi. Hasira iliyofanya kazi hiyo imemtetea marehemu.

Pikipiki ilikuwa ya mkataba na tajiri, yaani mmiliki wake, anaidai. Familia ina haki gani?

Hapa ndipo vijiwe vingi hushindwa. Marehemu amepeleka hesabu, yaani malipo ya mkataba, mwaka mzima, zimebaki wiki chache pikipiki iwe yake, anafariki, na tajiri anakuja kuichukua kabla kaburi halijakauka. Familia haina karatasi. Mkataba ulikuwa wa mdomo au nakala iko kwa tajiri peke yake.

Kilicholipwa ni sehemu ya jasho la marehemu, na madai yake yanapita kwa msimamizi wa mirathi. Kijiwe kisaidie kwa mashahidi na kumbukumbu za malipo, hasa ujumbe wa miamala ya simu. Kaeni na tajiri mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mara nyingi yapo maelewano yanayowezekana: familia imalizie kiasi kilichobaki, mdogo wake aendeshe hadi deni liishe, au tajiri achukue pikipiki na kurejesha sehemu. Matajiri wengine ni waungwana na husamehe hesabu zilizobaki. Wakiwepo, watajwe kwenye risala.

Kwa walio hai: mkataba uandikwe leo, nakala mbili, ukiwa na kipengele kinachosema itakuwaje dereva akifariki au akipata ulemavu. Nakala moja ikae na mke au mzazi, wala isikae chini ya siti ya pikipiki.

Bima ya pikipiki italipa familia?

Inategemea. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kisheria. Inawalinda watu wengine wanaoumizwa na chombo kilichokatiwa bima. Haimlindi dereva mwenyewe wa chombo hicho. Kwa hiyo mwenzetu akigongwa na gari na ikathibitika kosa ni la dereva wa gari, warithi wanaweza kudai kwa kampuni iliyolikatia bima gari hilo. Akianguka mwenyewe kwenye kona, bima ndogo ya pikipiki yake haina cha kuipa familia. Ndiyo maana tunavisihi vijiwe viulizie bima ya ajali binafsi ya kikundi, na wanachama wajiunge na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa hiari.

Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, zipo za bandia. Madai yatahitaji ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi na mara nyingi nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Kampuni ikizungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jihadharini na watu wanaojileta msibani kusema watafuatilia fidia kwa kugawana nusu kwa nusu. Mjane asisaini chochote ndani ya siku zile.

Cheti cha kifo na mirathi vinamhusu nini katibu wa kijiwe?

Vinamhusu kwa sababu familia nyingi hazijui pa kuanzia. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Baada ya hapo ukoo hukaa kikao, hupendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu zake. Mtoeni mwenzenu mmoja amsindikize mjane kwa pikipiki siku zote za kwenda ofisi hizo, bila kumtoza nauli. Kwa mtu mwenye mtoto mgongoni na bahasha ya nyaraka mkononi, huo ni msaada mkubwa mno.

Pesa zilizomo kwenye simu ya marehemu ni mirathi pia. Hata kama mnajua namba yake ya siri, msitoe. Msimamizi ataenda nazo karatasi za mahakama kwenye ofisi ya mtandao husika.

Kofia ngumu na reflekta yake tuvifanyie nini?

Reflekta iliyobaki safi inaweza kutundikwa kijiweni au kupewa familia, wachague wao. Kofia iliyokuwa kichwani wakati wa ajali asipewe mtu aivae. Povu gumu la ndani hujikandamiza mara moja tu ili kupunguza kishindo, na halirudi. Kwa nje unaweza kuona mkwaruzo mdogo, lakini ndani kazi yake imekwisha. Polisi wakiwa hawaihitaji tena, ikateni mkanda ili isirudi barabarani.

Abiria wake naye alifariki. Tumtaje?

Ndiyo, kwa jina lake, kwenye dua ileile na kwenye daftari, pamoja na marehemu wenu. Pelekeni ujumbe wa watu wachache kwa familia yake, hata kama kuna maneno kwamba dereva wenu ndiye aliyekosea. Nendeni kusikiliza na kutoa pole. Msijadili kosa wala fidia siku hiyo. Familia zingine zitawafokea. Pokeeni, kisha mrudi tena siku nyingine.

Picha za ajali zimesambaa kwenye kundi letu la WhatsApp.

Zifutwe na kila mmoja, na viongozi wawaombe waliozipeleka kwingine wazifute pia. Watoto wa marehemu watakuwa na simu siku moja. Picha zinazohitajika kwa ushahidi zibaki kwa watu wawili waliokubaliwa, na zipelekwe polisi.

Tunaweza kuweka msalaba au kibao mahali alipofia?

Eneo la hifadhi ya barabara lina mwenyewe: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA. Ukisimika zege bila ruhusa litang'olewa, na kabla ya hapo linaweza kumuumiza mwingine anayeanguka hapohapo.

Sisi tunaona kuna jambo kubwa zaidi la kuomba mahali hapo. Kama ni shimo, andikeni barua kupitia serikali ya mtaa, mkiambatanisha picha na tarehe za ajali zilizowahi kutokea hapo. Kama ni kona isiyoonekana, ombeni alama ya tahadhari. Kama ni kivuko cha wanafunzi, ombeni tuta na pundamilia. Fuatilieni kila mwezi, barua ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Tuta lililojengwa kwa barua yenu, madereva wa eneo hilo wataliita kwa jina la mwenzenu bila kibao chochote.

Alikuwa na kosa, alikuwa amelewa. Tumsemeje kwenye risala?

Kaburini msimseme vibaya na msimsifie uongo. Yako mengi ya kweli: alivyowapeleka wajawazito hospitali usiku bila kudai pesa kwanza, alivyogawana abiria na mgeni wa kijiwe. Chanzo cha ajali kina kikao chake, baada ya wiki mbili au tatu, viongozi na wanachama tu, na hapo kisemwe kilivyo. Kukificha ni kuwaweka wengine hatarini.

Ni siku gani nzuri ya kuwakumbuka wote kwa pamoja?

Jumapili ya tatu ya Novemba. Ni Siku ya Dunia ya Kuwakumbuka Waathirika wa Ajali za Barabarani, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1993 na shirika la RoadPeace na kukubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu milioni 1.19 hufariki barabarani kila mwaka duniani, na waendesha pikipiki wako wengi ndani yake.

Namna rahisi: asubuhi kusoma majina yote ya marehemu yaliyomo kwenye daftari, dua ya Kiislamu na sala ya Kikristo, kisha kazi. Safisheni makaburi yaliyo karibu. Kagueni breki, matairi na taa za kila pikipiki ya kijiwe, fundi alipwe na mfuko wa kijiwe. Alasiri tembeleeni familia. Zile zilizohamia mkoani zipigiwe simu, simu moja kwa kila jina, na aliyempigia aandike walichozungumza.

Watoto wake tuwasaidieje bila kuahidi tusichokiweza?

Ahidini kidogo, mtimize. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havikwepeki. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mfuko ununue hivyo kwa watoto wa marehemu, kwa vipimo vya miguu vilivyochukuliwa Desemba. Msitoe pesa taslimu ikiwa ndani ya ukoo kuna ugomvi. Mjane anayetaka biashara aelekezwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake, ambayo haina riba.

Mtoto wa marehemu akihitaji kupelekwa shule kipindi cha mitihani, apelekwe bure. Tengenezeni zamu, ibandikwe.

Aliyehama kijiwe, au aliyefariki kwa maradhi, naye anaingia kwenye daftari kati ya marehemu wa kukumbukwa?

Anaingia. Kijiwe si cha waliofia barabarani peke yao. Aliyekaa kitandani mwaka mzima kwa figo au kifua alikuwa mwenzenu siku zote hizo, na mara nyingi yeye ndiye aliyesahaulika akiwa bado hai. Aliyehama, viongozi wa kijiwe chake kipya ndio wenye msiba, nanyi mnakwenda kama ndugu, mkitoa rambirambi kwa kiwango ambacho katiba yenu imeweka kwa waliohama. Kama katiba haina kipengele hicho, kiongezeni kwenye kikao kijacho.